Njano Upande Wangu wa Barabara

9 Januari

Baridi kali, upepo wa kaskazini. Delores kavunjika kifundo cha mkono wa kulia jana, kateleza kwenye barafu mlangoni pa kanisa akiwa amebeba bakuli la viazi vya oveni. Bakuli halikuvunjika. Anasema daftari la hali ya hewa haliwezi kukaa wazi, ameliandika kila siku tangu tuoane, kwa hiyo nitaandika mimi mpaka apone. Nikamkumbusha kwamba niliacha shule darasa la sita nikaenda kuchimba mitaro na baba. Akasema, "Kuandika neno theluji hakuhitaji chuo kikuu." Basi naandika. Mimi ni Palmer Skogstad, miaka themanini na moja, na gunia la mbolea bado nalibeba bega moja bila kupumzika njiani. Nimekagua madaftari yote ya nyuma. Hilo Delores hajaliandika hata mara moja.

10 Januari

Theluji.

11 Januari

Theluji. Delores anataka niandike kiasi gani. Nyingi.

15 Januari

Mawingu. Kikao cha kamati ya mipango ya mji. Tuko watano, na mimi ndiye wa zamani kuliko wote, nilikuwamo kabla Nordgaard haijapata hata taa moja ya barabarani. Mwenyekiti ni Verlyn Amundsen, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Tulimpa uenyekiti kwa sababu anapenda kugonga kile kinyundo.

Mpango wetu wa matumizi ya ardhi, ule wa mpaka mwaka 2040, umerudishwa kutoka Saint Paul, mji mkuu wa jimbo. Baraza la Kanda linasoma mipango ya miji yote inayozunguka majiji makubwa, kuona kama barabara zetu na mabomba yetu yanapatana na ya wenzetu. Wamesema tumetenga nafasi ndogo mno ya nyumba. Watu wanakuja, watalala wapi? Tutafute ardhi karibu na bomba kuu la maji taka, turekebishe ramani, turudishe kabla majira ya kuchipua hayajaisha.

Nikamuuliza afisa mipango, "Hao watu wanaokuja ni kina nani?"

Afisa mipango wetu ni Rosalia Petrocelli, binti wa New Jersey. Anaongea kama mtu anayekimbizwa. Akasema, "Hawajulikani, Bwana Skogstad. Wengine hawajazaliwa."

Nimerudi nyumbani nikiliwaza hilo. Kumtengea kitanda mtu ambaye hajazaliwa. Nimepanda vitu vingi maishani lakini mbegu ya namna hiyo sijawahi kuiona.

22 Januari

Jua, lakini halina joto, kama taa ya ndani ya friji.

Rosalia kaja. Anazungukia wakulima ambao bomba linapita karibu nao. Kaingia na viatu mpaka jikoni, theluji ikayeyuka sakafuni. Delores akasema, "Ah, si kitu," nikajua ni kitu. Akakaribishwa keki ya malimau, akachukua kipande mara ya kwanza tu alipoambiwa. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka: kwetu mtu hukataa mara mbili kwanza.

Akasema, "Bwana Skogstad, nikuulize waziwazi. Unataka shamba lako libaki kijani kwenye ramani, yaani la kilimo? Au hujali likitiwa njano, la nyumba?"

"Ah, usijisumbue kwa ajili yangu, binti."

"Si usumbufu, ndiyo kazi yangu. Unataka libaki shamba?"

"Mna mengi ya kufikiria kuliko mzee mmoja na matikiti yake."

Jibu la tatu nilikuwa nalo tayari mdomoni, tena jibu zuri: haya, kama kweli si tabu, libaki kijani, ahsante sana. Nimekaa nangoja aulize. Akafunga daftari, akashukuru kwa kahawa, akaenda zake.

Delores akasema, "Hajauliza ya tatu."

"Atapiga simu. Mtu aliyelelewa haachi jambo kwenye ya pili."

5 Februari

Hakupiga simu.

Kikao tena. Ramani mpya iko ukutani. Shamba langu lote njano, kama yai lililopasukia kwenye kikaango. Ng'ambo ya barabara, shamba la Verlyn, kijani kitupu. Na Verlyn mwenyewe kakaa mbele na kinyundo chake, anamumunya pipi ya mnanaa kama hakuna lililotokea.

Rosalia akauliza, "Wajumbe, mnaionaje?"

Wote wakaniangalia mimi. Nikasema, "Hiyo ni tofauti."

Mtu yeyote aliyezaliwa hapa anajua. Ukisema chakula ni tofauti, maana yake ungependelea kula uma. Wajumbe wakaangalia viatu vyao. Rosalia akaandika, huku akitamka, "Mzee Skogstad, hana pingamizi."

Sasa shida yenyewe. Wakati wa Krismasi binti yetu Marlys alituambia anaacha kazi yake kwenye kliniki ya meno ili ashike shamba. Anataka kuongeza stroberi kando ya matikiti yangu. Mimi nikawatangazia watu wote, kanisani, dukani, kwa kinyozi: Skogstad wa nne anashika jembe. Na stroberi huzipandi mahali ambapo mtu mwingine ameshachora barabara. Ardhi ikitiwa njano, ule mkataba wetu wa kodi nafuu ya shamba unakufa, na bomba linapitishwa katikati ya shamba. Nani atapanda kitu cha kudumu juu ya njano?

6 Februari

Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Verlyn kapita na pikapu lake, kainua kidole kimoja kwenye usukani kunisalimia, kama anavyofanya tangu tukiwa vijana. Mimi nikaangalia sanduku la barua.

7 Februari

Baridi ileile. Verlyn kapita, kidole. Sikujibu.

8 Februari

Kidole. Sikujibu. Delores anasema daftari ni la hali ya hewa, siyo la vidole.

12 Februari

Theluji asubuhi, mchana jua.

Nikamwambia Delores, "Nimeshaelewa. Verlyn aliulizwa akadakia mara ya kwanza bila aibu. Ndiyo maana shamba lake ni kijani."

"Verlyn? Yule hawezi kuomba hata chumvi mezani."

"Basi kijani kimeangukaje upande wake?"

"Kamuulize. Au nenda kwa yule binti umwambie unachotaka. Maneno mawili tu, Palmer: sitaki njano."

"Mtu anayejiheshimu hajiombei."

"Kujisifu mchana kutwa unaweza. Kuomba huwezi?"

"Kujisifu ni kusema kweli. Matikiti yangu yalichukua utepe wa bluu, wa mshindi wa kwanza, kwenye maonyesho ya wilaya. Hapo nimemwomba nani kitu?"

"Debe tupu, mume wangu," akasema, akaenda kupasha supu kwa mkono wake mmoja.

18 Februari

Upepo. Nilikuwa na shughuli mjini, nikapitia ofisi ya mji. Shughuli yenyewe ilikuwa kununua skrubu, na skrubu ninazo, lakini basi.

Rosalia kanionyesha ramani kwenye kompyuta yake. Unaiona Nordgaard kama mwewe anavyoiona. Nimeona paa la banda langu, nimeona hata lile bati nililolipigilia mwaka wa kimbunga. Nikamuuliza kwa nini bomba linapita pale na siyo kule. Akasema, "Mzee, maji taka hayapandi mlima bila kusukumwa, na kusukuma kunahitaji mtambo. Kwa hiyo mji unafuata mteremko." Nimeishi hapa maisha yangu yote, sikujua kwamba mji unakua kwa kufuata choo.

Nikamuuliza kwa nini Kanda inataka nyumba tatu kwa kila ekari. Akasema wakikaa mbalimbali kila mmoja na uwanja wa mpira wake, bomba refu linahudumia wachache, na kesho wanakula shamba la mtu mwingine. "Tukiwabana vizuri hapa," akasema, "mashamba kumi kule yanapona."

Hilo nalo ni kweli. Limeniudhi.

Alipouliza kama nina lolote la kumwambia, nikasema napita tu.

25 Februari

Theluji nyepesi. Nimepita tena ofisini. Safari hii nimeelezwa habari za barabara, na kwa nini shule hupangwa kabla ya watoto. Binti huyu kichwa anacho. Tena hana haraka ukimpa swali zuri. Kumbe anaongea mbio kwa sababu watu wa hapa hawamuulizi kitu. Wanakaa kimya, naye anaogopa kimya, anakijaza.

Akasema, "Mzee Palmer, wewe ndiye mjumbe pekee anayekuja kuuliza. Unanipa moyo. Na ulivyokubali njano bila ugomvi! Huko kwetu mtu angenirushia kiti."

Nikasema napita tu.

3 Machi

Ziwa bado limeganda. Kila mwaka wakati huu mimi na Verlyn tunakaa kwenye kibanda chetu juu ya barafu, tunangoja samaki na kubishana. Mwaka huu sikwenda. Moshi wa kibanda umeonekana. Yuko peke yake mle.

4 Machi

Kidole. Sikujibu.

6 Machi

Mvua iliyochanganyika na barafu. Daktari kamfungua Delores plasta. Nikampa daftari. Akasema niendelee tu, ameona anavyopumzika.

10 Machi

Jua kali, theluji inadondoka paani. Andika hapa kwamba leo nimegombezwa jikoni kwangu na mtoto niliyemfundisha kuendesha trekta.

Marlys ameshatoa taarifa kazini. Miche ya stroberi ameshaagiza, inakuja Aprili, itakaa kwenye chumba cha baridi lakini haikai milele. Isipoingia ardhini katikati ya Mei inakufa. Leo kaenda ofisi ya mji kuuliza habari ya kisima, akaiona ramani.

Kaingia hata hajavua koti. "Baba. Kwa nini sisi ni njano?"

"Ni jambo la Kanda."

"Rosalia kasema ulikubali."

"Sikukubali."

"Uliulizwa?"

"Niliulizwa."

"Ukasema nini?"

Delores akajibu kutoka kwenye sinki, "Alisema usijisumbue."

Marlys akakaa chini. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko kibaya. "Mwanamke katoka New Jersey, baba! Huko ukiwaambia usijisumbue, hawajisumbui! Nimeacha kazi. Nina miaka hamsini na mbili na nimeacha kazi yenye bima kwa sababu ulisema ardhi ipo."

"Ardhi ipo."

"Ipo kwenye ramani ya nani?"

Nikamwambia kwamba mimi nilishawahi kumwinua ndama kutoka kwenye mtaro peke yangu, sitashindwa na karatasi. Akasema, "Basi karatasi yenyewe inataka neno moja. Tarehe kumi na tisa kuna mkutano wa kusikiliza wananchi. Simama useme unataka. Siyo tofauti, siyo usijisumbue. Nataka."

Jioni nimejaribu kulisema ghalani, peke yangu. Ni neno jepesi ukiwa unamwambia trekta.

19 Machi

Matope, mvua. Andika kwamba ukumbi ulijaa.

Jambo likihusu ardhi yako, mjumbe unashuka kwenye kiti chako. Nikashuka, nikakaa na wananchi, mstari wa tatu, kati ya Delores na Marlys. Kutoka chini kamati inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Verlyn kagonga kinyundo, kasema kila mwananchi ana dakika tatu. Hakuniangalia.

Aliyetangulia alisema taa za bustani ni kali mno. Kisha Marlys akanigusa ubavuni kwa kiwiko, na kiwiko cha Marlys si cha mchezo.

Nikaenda kwenye kipaza sauti. Nikasema, "Naitwa Palmer Skogstad, mnanijua." Nikasema habari za babu yangu, na utepe wa bluu, na ndama. Verlyn akasema, "Dakika moja imebaki, Palmer." Nikaangalia ile ramani. Nikasema, "Nataka shamba langu libaki kijani. Nalitaka. Binti yangu analitaka. Basi."

Masikio yaliniwaka moto kama nimevua suruali.

Rosalia akasimama. "Lakini mzee! Nilikuja kwako nikakuuliza!"

"Mara mbili."

"Ndiyo, mara mbili! Ukasema nisijisumbue!"

"Hukuuliza ya tatu."

Akageukia ukumbi. "Ina maana mji huu mtu huulizwa mara tatu?"

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Hapana, si kwamba ni sheria."

Mzee mwingine akasema, "Inategemea tu."

Rosalia akatazama nyuso zote zile zinazotabasamu. Naye kichwa anacho, nilishasema. Akauliza polepole, "Ni watu wangapi nimewauliza mara moja tu?"

Nusu ya ukumbi wakaangalia viatu vyao, na hilo lilikuwa jibu.

Lakini akasema ukweli mmoja ambao nao lazima uandikwe. Shamba langu likirudi kijani, nyumba zile zinakosa mahali, na Kanda itaurudisha mpango mara ya pili, na safari hii mji utachelewa hata bomba lenyewe. Lazima ardhi nyingine karibu na bomba iwe njano. "Nani yuko tayari?" akauliza.

Verlyn akagonga kinyundo kabla ya wakati.

Tulipokuwa tunatoka Rosalia kanishika mkono. "Mzee, nazunguka upya kwa wote. Njoo unitafsirie."

"Wanaongea lugha yako."

"Hapana," akasema. "Hawaongei."

28 Machi

Barafu ya ziwa imekuwa nyeusi pembezoni. Mchana wa leo ni wa kuandikwa kwa urefu.

Tumeshapita nyumba tatu. Wote, baada ya swali la tatu, wamesema wanataka kijani. Amebaki Verlyn. Nikamwambia Rosalia, huyo usimpotezee kahawa, alishajipatia chake. Akasema wote ni wote.

Verlyn ni mjane, Joyce wake kafariki miaka minne sasa. Jikoni mwake kiti cha pili kimewekewa magazeti. Aliyaondoa ili mimi nikae, hatukuangaliana. Rosalia kavua viatu mlangoni. Biskuti zilipoletwa kasema hapana ahsante, kisha hapana kweli, kisha haya moja tu. Nilijiona kama mwalimu.

Akaanza. "Bwana Amundsen, unataka shamba lako libaki kijani?"

"Ah, msijisumbue na mimi."

Rosalia akaniangalia. Chini ya meza nikanyoosha kidole kimoja.

"Nataka kujua kweli. Wewe ungependa nini?"

"Hapo mlipoliweka panatosha. Wako wenye shida kuliko mimi."

Vidole viwili. Rosalia akachukua birika akammiminia Verlyn kahawa, na hilo sikumfundisha mimi. Akasema, "Nauliza ya tatu, na sitoki mpaka birika hili liishe. Unataka nini, Bwana Verlyn?"

Verlyn kazungusha kikombe. Kaangalia dirishani, kwenye nyumba yangu.

"Kama kweli si tabu," akasema, "ningependa liwe njano."

Kahawa ilinipalia. "Liwe nini?"

"Njano, Palmer. Magoti yameisha. Wanangu wako Arizona, ng'ombe wanamjua kwenye picha ya katoni ya maziwa. Jioni nakula nikisikiliza friji."

"Sasa kwa nini hukusema, mtu wewe?"

"Nisemeje? Babu yangu alilifyeka shamba hili kwa shoka. Nisimame ukumbini niseme nataka kuliuza?" Akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. "Halafu nilidhani wewe ndiye umeomba njano. Nilipoiona ramani nikasema, haya, Palmer kawahi, kama kawaida yake. Tena bila kunidokeza."

"Mimi nimewahi? Nilidhani wewe umewahi kijani!"

"Ndiyo maana hukwenda kibandani?"

"Nilikuwa na mafua."

"Wiki saba?"

"Mafua makubwa."

Rosalia alikuwa ameinamisha paji la uso mezani kabisa. Akasema bila kuinua kichwa, "Mlinijibu maneno yaleyale. Yaleyale! Nilikuwa na majibu mawili yanayofanana na shamba moja la kupaka njano. Nikachagua lililo karibu na bomba."

"Na langu je?" Verlyn akauliza. "Si limetengwa na barabara tu?"

Rosalia akainuka. Akatoa simu, akampigia mhandisi wa mji hapohapo, akiwa na soksi tu miguuni. Mhandisi akasema bomba linaweza kuchimbwa chini ya barabara, na mteremko wa Verlyn unatosha, ila mahesabu yote yafanywe upya, na Kanda iridhike.

Verlyn kanisindikiza mlangoni. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu zile siku za mwezi wa pili. Nikamwambia mfereji wake wa paa unavuja.

9 Aprili

Jua. Mimi na Verlyn tumeshuka wote wawili kwenye viti, tukakaa mstari wa tatu kama watoto waliofukuzwa. Watatu waliobaki wamepiga kura: mimi kijani, yeye njano. Ramani inarudi Kanda. Rosalia ananiambia huko wana wasomaji wa barabara, wasomaji wa maji, wasomaji wa mabustani, na yeyote kati yao anaweza kunyanyua mkono kupinga.

11 Aprili

Dhoruba ya theluji. Aprili! Delores kasema niandike kiasi gani. Mpaka kwenye kitasa cha mlango.

20 Aprili

Miche ya Marlys imefika. Iko kwenye chumba cha baridi, imefungwa mafungu mafungu, mizizi kama ndevu za mzee. Kanda bado kimya.

27 Aprili

Barafu ya ziwa imeondoka mchana. Kanda kimya.

1 Mei

Kanda wameuliza swali moja, kuhusu maji ya mvua yatakayotoka kwenye mapaa ya upande wa Verlyn, yataelekea wapi. Yataelekea kwangu, mteremko ndivyo ulivyo. Nimemuuliza Rosalia itakuwaje. Kasema watachimba bwawa dogo kando ya barabara, maji yatulie kwanza. Nimeuliza bwawa litakuwa na vyura? Kasema, "Hilo, mzee, Kanda hawajaliuliza." Nadhani watakuwemo.

6 Mei

Mvua. Marlys anaenda chumba cha baridi asubuhi na jioni kama mtu mwenye mgonjwa. Miche imeanza kutoa majani meupe gizani. Hatuongei sana. Nimemwambia tuipande tu, atakayekuja kuing'oa atanikuta. Kasema, "Sitaki vita, baba. Nataka karatasi."

10 Mei

Kanda kimya. Nimelima ule udongo wa Marlys hivyohivyo. Kulima si kupanda.

14 Mei

Joto la kwanza la kweli. Rosalia alikuja mwenyewe, alikimbia kutoka kwenye gari akasahau kufunga mlango. Baraza limekaa, limeupokea mpango. Kijani ni kijani mpaka 2040. Marlys alikuwa kapiga magoti kwenye udongo anapima mistari kwa kamba; alibaki hapohapo, akafunika uso kwa mikono yenye matope. Delores akaleta keki. Rosalia akauliza kama kuna mtu anataka kipande cha mwisho. Tukasema hapana wote. Akakichukua.

Mimi 2040 nitakuwa na miaka zaidi ya mia. Nimewaambia nitakuwepo, nitawaonyesha makosa yao kwenye ramani inayofuata.

18 Mei

Tumepanda stroberi siku ya tatu. Mgongo wangu hauna neno, wa Marlys ndio unalalamika.

Saa za mchana Verlyn kavuka barabara, kasimama kwenye ukingo wa mtaro, mikono mifukoni. Upande wake wapimaji walikuwa wanapigilia vijiti vyenye vitambaa vyekundu pale alipokuwa akilaza ng'ombe. Nilidhani amekuja kwa sababu hawezi kuangalia. Mtu wa namna hiyo unampa kazi. Nikamwambia ashike fungu la miche.

"Unaizika mno," akasema. "Kichwa cha mche kikae juu ya udongo."

"Nimepanda tangu hujaoa."

"Na ulikuwa unaizika mno tangu sijaoa." Akachuchumaa kwa tabu, magoti yakalia, akafukua mmoja, akauweka sawa. "Nimezungumza na hao jamaa wa viwanja. Kile cha mbele kabisa, kinachotazama huku, nimesema ni changu. Kijumba kidogo, hakina ngazi. Nyuma watakuja hao watu wenu ambao hawajazaliwa."

Nilidhani anakwenda Arizona. Sote tulidhani. Sikumuuliza hata mara moja.

"Mandhari nzuri iko upande wa ziwa," nikamwambia. "Utazame huku una nini? Ni mimi tu na matikiti."

"Ziwa," Verlyn akasema, anafukua mche mwingine niliouzika mimi, "halijawahi kunichekesha."

Mawingu mchana, mvua nyepesi jioni, nzuri kwa miche. Delores atasoma hapa, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa. Nilikuwa naizika mno.